Helikopta Moja ya Newport: Mafunzo Niliyopata

Newport ni mji wa wavuvi katika pwani ya Oregon, Marekani. Kwenye uwanja wake mdogo wa ndege kuna banda, na ndani ya banda hilo hukaa helikopta moja ya Walinzi wa Pwani. Marubani wawili, fundi wa kuendesha winchi na mwogeleaji wa uokoaji huja kwa zamu kutoka kituo kikubwa cha North Bend kilichoko kusini. Hicho ndicho kituo chote. Ukikitazama kwenye vitabu vya bajeti vya Washington, hutakaa sana kukitafakari.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Maisha yalinileta hapa, nikapata kazi katika kiwanda cha kusindika kaa na kamba, na mume wangu ni baharia kwenye chombo cha kaa. Kwa hiyo habari za helikopta hii kwangu ni habari za nyumbani. Nimeona serikali ikitangaza kukifunga kituo mwaka 2014, nikaona mji ukikataa na kukataa kwake kukageuka sheria. Mwaka 2025 nimeona helikopta ikiondolewa na kurudishwa kwa amri ya mahakama. Ninayoyaandika hapa nimejifunza kwa kukaa kwenye mikutano, kusoma nyaraka na kuwasikiliza wanawake walioanza kazi hii kabla sijafika.

1. Jua kituo kilianzishwa kwa sababu gani, na ulitunze jibu

Mwaka 1985 chombo cha uvuvi kilichoitwa Lasseigne kilizama nje ya Newport na wavuvi watatu wakafa. Wakati huo mji haukuwa na helikopta; ilibidi isubiriwe kutoka mbali, na baharini hawakuweza kusubiri. Wake wa wavuvi, ambao tayari walikuwa na chama chao, waliungana na watu wa mji wakadai helikopta iwekwe hapahapa. Mwaka 1987 kituo kikafunguliwa.

Hata huyo mwogeleaji anayeshuka kwa kamba kutoka angani ana asili ya namna hiyo. Tarehe 12 Februari 1983 meli ya makaa ya mawe iliyoitwa Marine Electric ilizama karibu na Virginia, upande wa pili wa nchi. Kati ya watu 34 waliokuwamo, 31 walikufa. Helikopta ya Walinzi wa Pwani ilifika na kushusha kikapu, lakini mikono ya watu majini ilikuwa imekufa ganzi, hawakuweza kujipandisha. Hapakuwa na mtu wa kushuka kuwachukua. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani liliagiza waogeleaji wa uokoaji wawepo.

Naanza na historia kwa sababu yenye faida. Maofisa wa Walinzi wa Pwani huhamishwa kila baada ya miaka michache. Kamanda anayejua kwa nini kituo kipo anaondoka, anakuja mwingine aliyekikuta tu kwenye orodha. Kumbukumbu isipotunzwa na wenyeji, haitunzwi na mtu. Hapa Newport kuna mnara wa wavuvi waliopotea, majina yameandikwa, na kila mwaka husomwa kwa sauti. Nilipofika nilidhani ni ibada ya huzuni tu. Sasa najua kwamba ni kumbukumbu rasmi ya mji, na imefanya kazi kubwa kuliko ripoti nyingi.

2. Linganisha saa za ofisini na saa za majini

Hili ndilo somo lililonishika kuliko yote, na ningependa msomaji avumilie nilieleze kwa urefu.

Walinzi wa Pwani wa Marekani wana kiwango chao cha taifa: baada ya taarifa kupokelewa, chombo cha uokoaji kiwe kimeondoka ndani ya dakika 30, kisha kifike kwenye tukio ndani ya dakika 90. Jumla ni saa mbili. Ukichukua ramani ya Oregon na kiwango hicho, kituo cha Newport kinaonekana cha ziada. North Bend iko karibu kilomita 135 kusini kwetu kwa mstari wa angani, Astoria iko karibu kilomita 170 kaskazini. Helikopta ya aina ya Dolphin ikienda mwendo wake wa kawaida kutoka North Bend itatufikia kwa nusu saa na ushee. Kwenye karatasi, pwani yote imefunikwa.

Sasa tazama maji. Bahari ya hapa haina joto la Bahari ya Hindi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka maji yana nyuzi 9 hadi 13 za Selsiasi, na hata Agosti mtu huingia akitetemeka. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amefanya utafiti wa muda mrefu juu ya miili ya watu kwenye maji baridi, akaufupisha kwa namba tatu ambazo mabaharia wengi hapa wanazijua kwa moyo: moja, kumi, moja. Dakika moja ya kwanza mwili unashtuka, pumzi inakuja yenyewe, na ukivuta maji umekwisha. Dakika kumi zinazofuata ndizo za kutumia mikono: kushika kamba, kufunga jaketi, kubonyeza redio. Baada ya hapo vidole havikutii tena. Halafu kuna kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu, ikiwa kuna kitu kinachokuweka juu ili kichwa kisizame.

Weka hesabu hizo mbili pamoja. Dakika 30 za kujiandaa na dakika 35 za kuruka zimeshapita saa moja, na bado hujaanza kumtafuta mtu gizani katikati ya mawimbi. Helikopta ikiwa Newport, zile dakika 35 zinabaki chache sana. Na dhoruba za majira ya baridi hapa huvuma kutoka kusini, kwa hiyo helikopta inayotoka Astoria inakabiliana na upepo uso kwa uso njia nzima.

Wapo watakaosema kwamba mavazi ya kuokolea maisha siku hizi ni mazuri. Ni kweli, nimewaona watu wanaoishi leo kwa sababu waliyavaa. Lakini vazi lile ni zito na limefunika mwili mzima hadi vidole; huwezi kufanya kazi ukiwa nalo. Liko kwenye mfuko wake, chumbani. Chombo cha kaa kikiwa kimepakia madema ya chuma, kila dema kilo 30 hadi 50, kimebeba uzito mkubwa juu ya sitaha. Kikipigwa na wimbi la ubavuni hugeuka upesi. Anayepata nafasi ya kuvaa ni yule ambaye chombo chake kinazama polepole.

Hoja hii ndiyo iliyotusaidia kuliko kilio chochote. Makumi ya kilomita magharibi mwa Newport kuna boya la utafiti wa hali ya hewa, namba yake 46050, linalotoa joto la maji, urefu wa mawimbi na nguvu ya upepo mchana na usiku. Takwimu zake ni za serikali yenyewe na kila mtu anaweza kuzisoma. Nilijifunza kuzisoma. Mtu akisimama mkutanoni na kusema bahari ni mbaya, anasikilizwa kwa heshima. Akisimama na karatasi ya boya la serikali, anajibiwa.

3. Chama kiwepo kabla ya tatizo

Tangazo la kufunga kituo lilipotoka, chama cha wake wa wavuvi hakikuanza kuchagua mwenyekiti. Kilikuwa na mwenyekiti. Kilikuwa na namba za simu za madiwani, wahariri wa magazeti, wabunge na wasaidizi wao. Kilikuwa kimezoeana na mji kwa miaka mingi, kikichangisha fedha za misiba, kikifundisha usalama, kikipeleka chakula kwa familia ambayo chombo hakijarudi.

Kuna jambo jingine juu ya wanawake hawa nililolitambua polepole. Wavuvi wenyewe msimu wa kaa hawapatikani. Wako baharini, wanalala saa chache, wakirudi wanashusha mzigo na kuondoka. Mikutano ya serikali hufanyika mchana au jioni za katikati ya wiki. Anayebaki nchi kavu ndiye anayesikiliza redio, anayejua chombo kipi kimevuka mlango wa ghuba na kipi bado, na ndiye anayeweza kukaa ukumbini. Watu wengi wa nje huwachukulia kama wasemaji wa waume zao. Si hivyo. Wanajua shughuli za uokoaji kwa undani unaowashangaza maofisa, kwa sababu wamezifuatilia maisha yao yote, tena kwa moyo wa mtu ambaye mpendwa wake yuko majini.

Na hawakuwa peke yao. Halmashauri ya mji, Kaunti ya Lincoln na mamlaka ya bandari walikaa upande mmoja nao. Watafiti wa kituo cha sayansi ya bahari cha Hatfield, cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, hutoka kwa vyombo vidogo. Wapo wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, wapanda majabali, watalii wanaochukuliwa na wimbi la ghafla ufukweni, na wakata magogo wanaoumia msituni mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki. Kila kundi lina sababu yake ya kuitaka helikopta ile. Kampeni iliyosema kwa jina la wavuvi pekee ingekuwa nusu ya kampeni.

4. Isome tarehe

Tangazo lilitoka Oktoba 2014. Kituo kingefungwa tarehe 30 Novemba. Msimu wa kaa Oregon, kwa kawaida, hufunguliwa tarehe 1 Desemba.

Sidhani kama aliyeipanga tarehe ile alikusudia ubaya. Huenda kwake ilikuwa mwisho wa mwezi tu. Lakini ilikuwa na maana kwamba helikopta ingeondoka usiku wa kuamkia siku hatari kuliko zote za mwaka kwenye pwani yetu, vyombo vyote vinapotoka pamoja, vimelemewa na madema, kila mmoja akiwahi sehemu nzuri. Uvuvi huu wa kaa umo katika orodha ya uvuvi unaoua watu wengi zaidi pwani ya magharibi ya Marekani. Tarehe hizo mbili zikiwekwa jirani hazihitaji mfasiri, na magazeti yaliziweka jirani.

5. Mahakama hukupa muda. Sheria ndiyo inayokulinda

Mwezi Novemba 2014 chama cha wake wa wavuvi na taasisi za hapa walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Tarehe ya kufunga ikasogezwa hadi katikati ya Desemba. Siku kumi na tano tu, lakini katika siku hizo Bunge lilipitisha sheria ya Walinzi wa Pwani ya mwaka 2014 yenye kifungu kilichozuia kituo kufungwa kabla ya Januari 2016. Kama kesi isingefunguliwa, Bunge lingekuta banda tupu, na kurudisha kitu kilichoondoka ni kazi ngumu mara nyingi kuliko kukizuia kisiondoke.

Watu wengi mjini walishangilia wakarudi kwenye shughuli zao. Wanawake wa chama hawakurudi. Waliendelea kuwaandikia maseneta na wabunge wa Oregon, wakitaka kinga isiyokuwa na tarehe ya kuisha. Februari 2016 Rais Barack Obama alisaini sheria nyingine ya Walinzi wa Pwani, na ndani yake kuna kifungu ambacho naomba kila mtu anayepigania kituo chochote akisome.

Kifungu hicho kinasema kwamba waziri mwenye dhamana hawezi kufunga kituo cha helikopta mpaka kwanza ajiridhishe juu ya mambo matatu. Kwamba uwezo wa uokoaji utakaobaki utatosha kulinda watu wa baharini katika eneo lile. Kwamba hali ya hewa na ya bahari ya mahali pale, ikiwa ni pamoja na joto la maji na mikondo na kupwa na kujaa kusiko kwa kawaida, haihitaji kituo kiendelee. Na kwamba viwango vya muda wa kutafuta na kufika vinatimizwa. Kisha lazima umma ujulishwe, upewe nafasi ya kutoa maoni, na mikutano ifanyike katika jamii zenyewe zinazohudumiwa.

Niliposoma maneno ya joto la maji ndani ya sheria ya Marekani nilikaa nayo muda mrefu. Yale yaliyosemwa ukumbini Newport, kwamba maji yetu hayafanani na maji ya Florida, sasa yalikuwa sehemu ya sheria ya nchi. Tulichokuwa tukiomba kama huruma kilikuwa kimegeuka sharti. Tangu hapo nimeamini kwamba lengo la kampeni yoyote ya namna hii lisiwe kumfanya ofisa abadili mawazo. Ofisa atahamishwa. Lengo liwe kuandika sababu zako mahali ambapo ofisa ajaye atalazimika kuzijibu.

Neno moja kwa wale wanaoona aibu kupeleka serikali mahakamani, na miongoni mwetu tuliotoka Afrika Mashariki tuko wengi. Askari wa kituo chetu tunawapenda. Watoto wao wanasoma na wetu. Kesi haikuwa juu yao, nao walilijua hilo. Wiki ileile ya kesi watu walikuwa wakiwapelekea chakula.

6. Usiahidi kwamba hakuna atakayekufa

Usiku wa tarehe 8 Januari 2019 chombo cha kaa Mary B II kilipinduka kwenye mlango wa ghuba ya Yaquina hapa Newport, pale mkondo wa mto unapokutana na mawimbi ya bahari kuu. Boti za uokoaji zilikuwa pale pale zikikisindikiza, kituo cha helikopta kilikuwa wazi, na watu wote watatu waliokuwamo walikufa.

Baada ya msiba ule nilisikia mtu akiuliza kituo kina faida gani basi. Swali lilikuwa la uchungu, na lilistahili jibu la kweli. Mlango wa ghuba mawimbi yakiwa makubwa kuliko nyumba huua watu mbele ya waokoaji. Helikopta haiondoi hatari hiyo. Inachofanya ni kuwapa nafasi wale ambao wangeweza kuishi wakifikiwa mapema, na hao hawaandikwi kwenye mnara wowote, kwa hiyo ni rahisi kuwasahau. Kampeni inayouza helikopta kama kinga ya kila kitu itavunjika siku ya msiba wa kwanza. Walioongoza kampeni ya Newport hawakuwahi kusema hivyo, na nadhani ndiyo sababu waliendelea kuaminika.

Watu wanaofanya kazi ya kuokoa nao hufa. Mtu akidai kituo kiwe wazi, adai pia kiwe na watu wa kutosha, vipuri na saa za mazoezi. Ireland waliwahi kuonyesha kinachotokea vinginevyo. Mwezi Julai 1999 helikopta ya jeshi la anga ilianguka kwenye ukungu huko Tramore, karibu na Waterford, ikirudi kutoka kwenye uokoaji, usiku wa kwanza kabisa wa huduma ya saa 24 ya kituo kile. Wanajeshi wanne walikufa. Uchunguzi ulikuta upungufu mkubwa katika namna wafanyakazi wale walivyosaidiwa kutoka ardhini. Kituo cha Waterford kingali kipo, na mkataba wa huduma za uokoaji wa Ireland wa mwaka 2023 umekiweka katika vituo vinne vya nchi. Lakini wale wanne hawapo.

7. Chunga helikopta yenyewe, usichunge banda tu

Msimu wa vuli mwaka 2025 helikopta iliondolewa Newport ikapelekwa North Bend. Haukuwapo mkutano wa umma mjini. Watu walitambua kwa sababu hawakuisikia ikiruka.

Ile sheria ya 2016 ina mlango mdogo. Inakataza kufunga kituo bila utaratibu, lakini inaruhusu pia rasilimali za Walinzi wa Pwani zipangwe upya pale inapobidi kwa usalama wa watu wa baharini nchi nzima. Kwa hiyo swali likawa: kituo ambacho banda lipo, bendera inapepea, lakini helikopta haipo, kimefungwa au hakijafungwa? Kwa mtu aliye majini jibu ni moja. Kwa mahakama ilibidi lijadiliwe.

Chama cha wake wa wavuvi na Kaunti ya Lincoln walifungua kesi mwezi Novemba. Ndani ya siku chache Jaji Ann Aiken wa mahakama ya shirikisho alitoa amri ya muda kwamba helikopta irudishwe Newport. Ilirudi. Jimbo la Oregon nalo likafungua kesi yake.

Kasi ile haikuja hivihivi. Nyaraka za 2014 zilikuwepo kwenye makabati. Orodha ya watu wa kutoa ushahidi ilikuwepo. Baadhi ya wanawake waliosimama 2014 sasa ni wajane au bibi, na wamewafundisha binti zao na wakwe zao. Kizazi cha 1987 kilikikabidhi kizazi cha 2014, nacho kikakikabidhi hiki. Mimi nimekabidhiwa kazi ndogo: kila wiki napita uwanja wa ndege, naangalia kama mlango wa banda uko wazi na helikopta imo. Ni kazi isiyo na sifa yoyote, na sitaiacha.

8. Anayefika kwanza ni aliye karibu

Nikiwa Newport nimelifikiria sana ziwa letu, Ziwa Victoria. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, kikitoka Bugolora. Watu 228 walikufa. Giza lilipoingia uokoaji ukasitishwa hadi asubuhi. Mimi nina ndugu pande zile, na usiku ule tulikesha kwenye simu, ng'ambo ya dunia, tukisubiri kuche Ukara. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai ndani ya kivuko, kwenye nafasi iliyokuwa na hewa.

Kisha tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikaanguka ziwani Bukoba, karibu na uwanja. Kati ya watu 43, walikufa 19. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, nchi nzima ililijua jina lake kwa kupambana kuufungua mlango wa ndege ile.

Sisemi kila mwalo wa Ziwa Victoria uwe na helikopta. Ninachosema ni kwamba swali la Newport na swali la Ukara ni moja: nani yuko karibu, ana nini mkononi, na anaweza kuondoka baada ya dakika ngapi, usiku pia? Newport wamelijibu kwa helikopta kwa sababu maji yao ni ya baridi na nchi yao ina uwezo huo. Sisi tunaweza kuanza kulijibu kwa boti moja yenye injini nzima, mafuta yaliyotengwa yasiyoguswa, taa kubwa, maboya, kamba, na jina la mtu wa zamu ambaye simu yake haizimwi. Vikundi vya usimamizi wa mialo vipo tayari. Daftari la kuandika kila ajali, saa iliyotokea, saa msaada ulipofika na waliopona, halihitaji mfadhili.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Ukara, Bugolora, Nansio, Muleba na mialo mingine yote: katika mkutano wa kijiji unaofuata, simameni muulize boti ya uokoaji ya mwalo wenu iko wapi usiku wa leo na nani ana ufunguo wake. Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Kama hakuna boti, hilo nalo liandikwe, na nakala ipelekwe kwa diwani, kwa mkuu wa wilaya na kwa mbunge, na anayeipeleka asaini kwa jina lake. Na nanyi Waswahili wenzangu mlioko pwani hii ya Oregon, viwandani na kwenye vyombo: mkutano wa umma juu ya helikopta ukitangazwa, njooni. Anayetoa maoni pale haulizwi kadi ya uraia.